Alimchunguza Mtu, Hakuichunguza Njia: Kisa cha Tiketi Mbili za Tamasha

## Kwa nini nakiandika kisa hiki

Mnunuzi wa kisa hiki, nitakayemwita Z., si mtu wa kudanganywa kirahisi. Ni mhasibu, amezoea kusoma karatasi mara mbili kabla ya kutia saini. Kabla ya kutuma fedha alifanya karibu kila kitu ambacho watu huambiwa wakifanye: aliangalia umri wa akaunti ya muuzaji, akapekua picha za miaka ya nyuma, akaomba kitambulisho, akaomba picha ya tiketi. Vyote akapewa, na bado akaibiwa. Siku kumi baadaye alinunua tiketi za tamasha lilelile kwa mtu mwingine asiyemjua, mwenye akaunti changa isiyo hata na picha ya uso, akaingia ukumbini bila tatizo lolote.

Nimekuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi la mashabiki mtandaoni kwa miaka kadhaa, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia watu wamjue muuzaji kwanza. Kisa cha Z. kimenifanya niubadili ushauri huo. Siku hizi swali langu la kwanza ni hili: tiketi itatoka kwake na kufika kwako kwa njia gani, na fedha zako zitapita wapi zikiwa njiani? Uaminifu wa muuzaji nauuliza baadaye, tena mara nyingi sihitaji kuuuliza.

Z. amesoma maelezo haya na kuridhia yatolewe. Nimeondoa jina la msanii, ukumbi, mji, kiasi cha fedha na huduma ya malipo iliyohusika.

## Hali ilivyokuwa kabla

Tiketi ziliisha kabla ya saa moja kupita tangu mauzo kufunguliwa. Z. alikuwa kwenye foleni ya mtandaoni tangu asubuhi, akafika hadi ukurasa wa malipo, na alipobonyeza kitufe cha kulipa akaambiwa viti alivyochagua vimeshachukuliwa. Alikuwa amemwahidi mdogo wake kumpeleka kwenye tamasha hilo akimaliza mitihani. Ahadi hiyo naitaja makusudi, kwa sababu ndiyo iliyomfanya asikubali kuambiwa "basi".

Uhaba wa namna hii ndio shamba la matapeli. Novemba 2022, kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster ilipofungua mauzo ya awali ya ziara ya mwanamuziki Taylor Swift nchini Marekani, mfumo ulielemewa na mauzo ya umma yaliyokuwa yafuate yakafutwa. Ziara hiyo ilipokaribia kufika Uingereza, benki ya Lloyds ilikadiria mwezi Aprili 2024 kwamba mashabiki wa huko walikuwa wameshatapeliwa takriban pauni milioni 1, na kwamba sehemu kubwa ya kesi hizo zilianzia Facebook. Palipo na mamia ya watu wanaoandika "natafuta tiketi mbili tafadhali", tapeli hana haja ya kutafuta mteja. Anasoma tu orodha.

Jambo jingine la kulijua mapema ni aina ya tiketi zenyewe. Hazikuwa za karatasi wala faili la kutumiwa kwa barua pepe. Zilikaa ndani ya programu ya simu ya kampuni iliyoziuza, na msimbo wake, yaani ile alama inayosomwa na kifaa cha langoni, ulikuwa ukijibadilisha kila baada ya sekunde chache. Teknolojia hii imeenea. Ticketmaster iliianzisha mwaka 2019 kwa jina la SafeTix, ambapo msimbo hubadilika kila sekunde 15. Maana yake ni kwamba picha ya msimbo haimwingizi mtu popote: ukifika nayo langoni imeshakufa zamani. Anayetaka kumpa mwenzake tiketi anaihamisha ndani ya programu, na kampuni hii iliruhusu jambo hilo bila ada. Ilikuwa pia na ukurasa wake wa kuuziana tiketi ambazo wenyewe hawawezi kuzitumia.

Haya yote yalikuwa yameandikwa kwenye ukurasa wa maswali wa kampuni. Kuyasoma kunachukua dakika tano. Z. aliyasoma baada ya kuibiwa.

## Muuzaji wa kwanza

Tangazo lilitokea kwenye kundi letu siku ya Jumanne jioni, zikiwa zimebaki wiki tatu. Mwanachama wa siku nyingi aliandika kwamba ana tiketi mbili za viti vilivyopakana, mama yake ni mgonjwa na hawezi tena kusafiri, na anataka tu kurudisha fedha alizolipa. Bei ilikuwa ileile ya kununulia. Kwa Z. hiyo ilikuwa dalili njema: mlanguzi angepandisha bei.

Akaunti ilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa na picha za matamasha ya nyuma, maoni kwenye mijadala yetu, salamu za siku ya kuzaliwa kutoka kwa watu halisi. Z. alimwandikia faragha, na majibu yakaja upesi na kwa adabu.

"Dada yangu, kuna watu wengine watatu wananiulizia hizi tiketi, lakini wewe umeongea kistaarabu, nitakushikia."

Z. akaomba picha ya tiketi. Ikaja: skrini ya programu ya kampuni, jina la msanii, tarehe, namba za viti, msimbo ukiwa umefunikwa kwa rangi nyeusi "kwa usalama". Akaomba kitambulisho. Kikaja pia, na jina lilikuwa lilelile la akaunti. Akaomba picha nyingine ya tiketi iliyopigwa saa hiyohiyo, na baada ya dakika mbili ikaja.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Nilipozikagua picha hizo mbili baadaye, niliziweka sambamba na kuangalia ukingo wa juu wa skrini. Ya kwanza ilionyesha saa 16:12 na betri asilimia 9. Ya pili, iliyodaiwa kupigwa usiku, ilionyesha saa 16:12 na betri asilimia 9. Ilikuwa picha ileile iliyokatwa upande mmoja. Z. alikuwa amekodolea macho namba za viti, na ukingo wa juu haukumjia akilini.

Wakakubaliana malipo ya awali ya nusu, nusu nyingine tiketi zikifika. Wazo la nusu lilikuwa la Z. mwenyewe, na aliliona kuwa kinga. Muuzaji akampa namba ya kutumia fedha. Jina lililojitokeza kabla ya kuthibitisha muamala halikuwa la mwenye akaunti. Z. akauliza.

"Hiyo ni laini ya mke wangu, yangu imefikia kikomo cha leo. Usijali dada."

Z. aliniambia kwamba hapo kidole chake kilisita. Alikaa akilitazama lile jina geni kwenye skrini kwa muda, akawafikiria wale watu watatu wanaosubiri, kisha akathibitisha. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini usiku.

## Saa moja iliyofuata

Baada ya dakika kumi na tano akapokea barua pepe yenye nembo ya kampuni ya tiketi: "Tiketi zako 2 ziko njiani. Hali: zinasubiri malipo kukamilika." Muuzaji akamweleza kwamba mfumo hauachii tiketi mpaka fedha zote ziingie, hivyo atume nusu iliyobaki.

Hapo ndipo Z. aliponiandikia: "Kaka, samahani kwa usiku huu. Nimeshatuma nusu. Nikituma iliyobaki tiketi zinaachiwa. Unaonaje?"

Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, afungue programu ya kampuni mwenyewe, bila kubonyeza chochote kwenye ile barua, aangalie kama kuna tiketi inayomngoja. Hapakuwa na kitu. La pili, anisomee anwani iliyotuma barua, herufi kwa herufi. Ilifanana na ya kampuni, ila ilikuwa na kistari na neno moja la ziada.

Barua yenyewe pia ilijisaliti. Kitufe cha kuhamisha tiketi ndani ya programu hakijui lolote kuhusu fedha mlizokubaliana faragha. Kinahamisha au hakihamishi. Hali ya "kusubiri malipo kukamilika" haiwezi kuwepo, kwa sababu kampuni haihusiki na malipo yenu.

Nikamwambia amwandikie muuzaji: "Bonyeza kuhamisha kwenye programu, nikiiona upande wangu natuma iliyobaki mara moja." Jibu lilikuwa hasira. Kwamba Z. anamwona mwizi, kwamba mama yake yuko hospitalini na yeye anasumbuliwa na watu wasio na utu. Kisha akamfungia. Dakika chache baadaye tangazo likatoweka kundini.

Z. alipiga simu huduma ya malipo. Tangu atume fedha hadi apokewe simu zilipita dakika hamsini na kitu. Fedha zilikuwa zimeshatolewa. Akafungua taarifa rasmi, akapewa namba ya kumbukumbu, na kesho yake akaripoti polisi akiwa na picha za mazungumzo, namba iliyopokea fedha, jina lililojitokeza na saa ya muamala. Mimi niliondoa ile akaunti kundini na kutoa tahadhari.

Wakati huohuo nilimtafuta mwenye akaunti kupitia rafiki yake wa karibu. Alikuwa ameipoteza akaunti yake siku nne kabla. Mtu alimtumia kiungo cha "kumpigia kura" katika shindano, akaweka neno la siri, na tangu hapo hakuweza kuingia. Kitambulisho kilichotumwa kwa Z. kilikuwa chake kweli. Miaka miwili nyuma alikuwa amekipiga picha na kumtumia mtu aliyemuuzia simu, na picha hiyo ilikuwa imebaki kwenye mazungumzo ya zamani, ikamngoja mwizi.

## Muuzaji wa pili

Z. alikata tamaa kwa siku kadhaa. Kisha mwanachama mwingine akaandika kwamba anauza tiketi mbili. Akaunti ilikuwa na miezi miwili, picha yake ilikuwa ya ua, na hapakuwa na rafiki hata mmoja tuliyemjua. Kwa vigezo vya zamani ningemwambia Z. asisogee.

Safari hii Z. hakuuliza habari za mtu. Aliandika: "Habari yako. Kabla ya bei, naomba kujua tiketi utanipa kwa njia gani." Muuzaji akajibu kwamba naye anaogopa kutapeliwa, hivyo anapendelea kuziweka kwenye ukurasa wa kampuni wa kuuziana. Z. akashusha pumzi.

Njia hiyo ina taabu zake, na watu wengi huikwepa kwa sababu hizo. Kampuni hukata ada, hivyo mnunuzi hulipa zaidi kidogo na muuzaji hupokea pungufu. Muuzaji hapewi fedha siku ileile, kwani majukwaa mengi humlipa tamasha likishapita. Na tiketi ikishawekwa pale, yeyote aliye mtandaoni anaweza kuinyakua, hata kama nyinyi wawili mlishapatana.

Walipanga saa mbili kamili usiku. Muuzaji aliziweka, akamwandikia Z. "tayari". Z. akafungua ukurasa: hakuna. Akaufungua upya: hakuna. Alinieleza kwamba mikono ilimtetemeka kuliko siku ya kwanza ya mauzo. Mara ya nne viti viwili vikatokea, namba zilezile alizotajiwa, akalipa kwa kadi. Baada ya dakika tatu tiketi zilikuwa ndani ya programu yake, zikiwa na jina lake. Kwa muuzaji zikawa zimetoweka.

## Matokeo

Z. na mdogo wake waliingia siku ya tamasha. Kifaa cha langoni kilisoma misimbo mara moja. Kwenye mstari wa pembeni alikuwepo msichana mwenye karatasi iliyochapishwa, picha ya skrini ya tiketi aliyonunua kwa mtu mtandaoni. Mlinzi alijaribu mara tatu, akamwambia kwa upole asogee pembeni apishe wengine. Z. anasema msichana yule aliendelea kuikunjua na kuikunja ile karatasi, akiinyoosha kwa kiganja, kana kwamba makunyanzi ndiyo yaliyozuia isisomeke.

Nusu aliyotuma kwa tapeli haikurudi. Wiki moja baada ya tahadhari yetu alipata pia ujumbe kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibiwa mtandaoni, akitaka "ada ndogo ya kufungua jalada". Huo ni utapeli wa pili juu ya wa kwanza, na huwalenga watu walioandika hadharani kwamba wameibiwa. Tulimwondoa.

## Uchambuzi: vithibitisho vilithibitisha nini

Tukivipanga vithibitisho alivyokusanya Z., tunaona jambo la kushangaza. Akaunti ya miaka tisa ilikuwa ya kweli. Picha za matamasha zilikuwa za kweli, kitambulisho kilikuwa cha kweli, na jina lilioana. Vyote vilithibitisha kwamba mtu fulani yupo na ni mwema. Hakuna hata kimoja kilichothibitisha kwamba mtu huyo ndiye aliyeshika simu, wala kwamba tiketi ipo, wala kwamba ikiwepo atauziwa Z. peke yake.

Akaunti kongwe inayoheshimika ndiyo mali anayoitafuta mwizi. Akaunti mpya haiaminiki, hivyo haimfai. Kwa hiyo mtu anayesema "nanunua kwa akaunti za zamani tu" amejisogeza pale ambapo akaunti zilizodukuliwa zinatumika. Hata rafiki yako wa shule akitangaza tiketi, mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, umsikie sauti. Usimpigie kwa namba atakayokupa kwenye mazungumzo hayo.

Kuhusu kitambulisho, nimeacha kabisa kushauri watu wakiombe. Kinamkinga mnunuzi kidogo sana, na kinamweka muuzaji mwaminifu hatarini kwa miaka, kama tulivyoona.

Picha ya tiketi nayo haina uzito. Hata ikiwa halisi, tiketi moja ya faili inaweza kuuzwa kwa watu kumi, na wa kwanza kufika langoni ndiye anayeingia. Kwa tiketi za msimbo unaojibadilisha, picha haina thamani yoyote. Kama Z. angesoma ule ukurasa wa maswali kabla, maneno "nakutumia picha ya tiketi" yangetosha kumkatisha mazungumzo.

Kilichofanya kazi mara ya pili ni kwamba tiketi ilipita mikononi mwa aliyeitoa. Kampuni iliyotengeneza tiketi ndiyo pekee inayojua kama ni halisi, na ndiyo pekee inayoweza kuua msimbo wa zamani na kutoa mpya. Baadhi ya wasanii sasa wanalazimisha njia hiyo. Kwa ziara ya bendi ya Oasis ya mwaka 2025, waandaaji walitangaza kwamba tiketi zitauzwa upya kupitia Ticketmaster na tovuti ya kuuziana tiketi ya Twickets tu, kwa bei isiyozidi ya awali, na kwamba zile zitakazouzwa kwingine zinaweza kufutwa. Ayalandi imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2021 inakataza kuuza tiketi za matukio mengi makubwa kwa bei iliyozidi ile ya awali. Kabla ya kumtafuta muuzaji, basi, tafuta masharti ya tamasha lenyewe. Huenda tiketi haihamishiki kabisa, au ina jina linalolinganishwa na kitambulisho langoni, na hapo hata muuzaji mwaminifu hawezi kukusaidia.

## Uchambuzi: fedha

Kosa kubwa zaidi la Z., kwa maoni yangu, lilikuwa kutuma fedha kwa njia isiyorudi. Kumtumia mtu moja kwa moja ni sawa na kumpa noti mkononi na kumwacha aondoke. Kadi ina mlango wa nyuma: usipopata ulichonunua, unaweza kuiomba benki ifungue madai ya kurudishiwa. Huduma ya malipo ya mtandaoni ya PayPal pia hutofautisha malipo ya bidhaa na huduma, yenye ulinzi wa mnunuzi, na malipo ya ndugu na marafiki, yasiyo nao. Muuzaji akisisitiza njia ya ndugu na marafiki "ili kuepuka ada", anakuomba uvue kinga yako. Ada hiyo mnaweza kugawana. Akikataa hata mkiigawana, achana naye.

Nchi zinatofautiana katika kumlinda aliyetuma fedha mwenyewe kwa tapeli. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki zinatakiwa kuwarejeshea wengi wa waathirika wa utapeli wa kuhamisha fedha kati ya akaunti za humo nchini, hadi pauni 85,000. Kwingi kwingineko benki au kampuni ya simu itakwambia uliidhinisha muamala wewe mwenyewe. Ndiyo maana dakika zina thamani: fedha zikiwa bado zimekaa kwenye akaunti iliyopokea, kuna uwezekano wa kuzizuia. Z. alipiga simu baada ya dakika hamsini, nyingi zikiwa zimeliwa na kubishana na tapeli na kujadiliana nami. Ningepaswa kumwambia apige simu kwanza, kisha ndipo tuchunguze anwani ya barua pepe. Hilo ni kosa langu, na nimelirekebisha katika maelekezo tunayowapa wanachama.

Jina geni kwenye muamala lilikuwa kengele iliyolia wazi kuliko zote. Sababu huwa zipo daima: laini ya mke, akaunti ya kaka, kikomo cha siku. Hata ikiwa kweli, inakubidi umwamini mtu wa pili usiyemjua juu ya wa kwanza. Z. aliiona, akasita, akaishinda nafsi yake. Nilipomuuliza ni nini kilichomsukuma, hakusema bei wala ahadi kwa mdogo wake. Alisema: "Niliona aibu kumwambia simwamini baada ya kunishikia."

Na ule mpango wa nusu? Ulipunguza hasara, hilo nakubali. Lakini ulifanya kazi nyingine ambayo hakuitarajia. Akishatuma nusu, mtu hafikirii tena kununua tiketi. Anafikiria kuiokoa nusu yake. Barua ya "zinasubiri malipo kukamilika" iliandikwa kwa ajili ya moyo wa namna hiyo, na nadhani kama asingeniandikia usiku ule angetuma iliyobaki.

## Uchambuzi: hofu ya muuzaji

Tukiongelea utapeli wa tiketi tunamsahau muuzaji mwaminifu, naye ana hofu ya haki. Akihamisha tiketi kabla ya kulipwa, mnunuzi anaweza kunyamaza. Akilipwa kwa kadi, mnunuzi anaweza kuhudhuria tamasha kisha akadai benki imrudishie fedha. Kwa hiyo kila mmoja anamwambia mwenzake "anza wewe", na hapo ndipo mazungumzo mengi halali yanapovunjika, watu wakaishia kwa matapeli ambao huwa tayari kukubali chochote.

Mtu wa kati anayeaminika na pande zote ndiye anayelitatua hilo, na kwa tiketi mtu huyo ni ukurasa rasmi wa kuuziana. Palipo na ukurasa huo, sioni sababu ya kutumia njia nyingine, hata kwa ada. Usipokuwepo, lakini tiketi zikawa zinahamishika ndani ya programu, mpango ninaoupendekeza kundini ni kulipa kwa njia yenye ulinzi wa mnunuzi, huku muuzaji akihamisha papo hapo, wote wawili wakiwa kwenye simu wanaongea. Tiketi mbili au zaidi zihamishwe na kulipiwa moja baada ya nyingine. Mnunuzi asihesabu amepokea mpaka aione ndani ya programu aliyoifungua mwenyewe.

Ikiwa hakuna kimojawapo, yaani tiketi ni faili tu na malipo ni ya moja kwa moja, ushauri wangu ni kuliacha jambo hilo. Najua si jibu ambalo mtu mwenye ahadi kwa mdogo wake anapenda kulisikia.

## Baada ya hapo

Kundini tulibadilisha kanuni moja. Kila tangazo la kuuza tiketi lazima litaje tiketi itahamishwaje na italipiwaje, la sivyo linaondolewa. Matangazo yamepungua sana tangu hapo, na wachache wamelalamika kwamba tunawasumbua watu waaminifu. Baadhi yao wana haki ya kulalamika, hasa wale wanaohitaji fedha kabla ya tamasha.

Mwenye ile akaunti aliirudisha baada ya siku kumi na moja. Alikuta mwizi amezungumza na watu saba, watatu wakiwa wametuma fedha. Aliwaandikia wote saba, mmoja mmoja, akieleza kilichotokea na kuwapa namba ya taarifa aliyofungua polisi ili waiunganishe na zao. Kwa Z. aliongeza mstari mmoja: "Dada, nimesoma ulivyouliza maswali yako yote. Ungekuwa unaongea na mimi kweli, ningekujibu vilevile." Z. aliniletea ujumbe huo na kuuliza kama inafaa amjibu, au naye huyu ni mtu mwingine. Nikamwambia ampigie simu.